Salamu aliyoiacha: jibu kwa Mama wa Katuba

Mama mmoja wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi:

"Mwalimu, mwanangu yuko mwaka wa nne wa umaniti, ule wa mwisho wa sekondari. Tangu miji ya Goma na Bukavu, kule Kivu, ianguke mikononi mwa waasi mwanzoni mwa 2025, halali mapema. Anajifunika shuka na kusikiliza vokali za WhatsApp, zile sauti zilizorekodiwa, mpaka usiku wa manane. Ameacha kumsalimu Papa wa parsele ya pili, jirani yetu mwenye asili ya Kasai, aliyekuwa anambeba mabegani akiwa mtoto mdogo. Anasema mwalimu wa historia ni mwongo, na kwamba matokeo ya mtihani wa serikali yamekwisha kupangwa, kwa hiyo kusoma ni kujichosha. Nimemnyang'anya simu mara mbili, anaazima ya rafiki. Baba yake anasema mambo ya siasa yatampita akikua. Je, akili yake imeharibika? Nifanye nini?"

Mama, nakusalimu wewe na Baba wa nyumba. Akili ya mtoto haijaharibika, naomba hilo ulishike kwanza. Mimi nafundisha saikolojia ya malezi kwa wanaojiandaa kuwa walimu, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na vijana kama wako nakutana nao kila ninapoingia darasani. Lakini Baba naye asijilaze kwenye "yatampita". Mengi katika barua yako yatapita kweli. Moja halitapita lenyewe, na nitalifikia.

Nianze na zile vokali. Mwaka jana nilikaa na darasa moja la wakubwa tukasikiliza pamoja vokali iliyokuwa inazunguka mjini. Dakika tatu hivi. Mwanaume anahema kama aliyetoka mbio, nyuma yake jogoo anawika, mlango wa bati unagongwa. Anasema, "Ndugu zangu, mimi niko hapa hapa, naona kwa macho yangu." Anataja wasaliti, anataja kabila, anamaliza: "Tuma kwa wote unaowapenda kabla hawajaifuta." Nikawauliza wanafunzi: huyu mtu yuko wapi? Wakajibu kwa sauti moja: Goma. Nikauliza: amesema yuko Goma? Tukaisikiliza upya. Hakusema. Hakutaja mji, wala tarehe, wala jina lake. Msichana mmoja wa benchi la nyuma akainua kidole: "Mwalimu, hii mimi niliisikia tangu wakati wa uchaguzi. Walisema ni Kinshasa." Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Somo nililokuwa nimeliandaa kwa siku mbili halikufua dafu mbele ya ukimya ule.

Angalia kilichofanya kazi pale. Ni yule jogoo. Mtoto hakupewa hoja yoyote ya kuamini. Alipewa pumzi, jogoo na mlango wa bati, vitu anavyovijua tangu utoto, na akaujaza mji mwenyewe.

Wala usidhani ni udhaifu wa watoto wetu. Huko Marekani watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapima wanafunzi 3,446 wa sekondari, na matokeo yakatoka 2019. Waliwaonyesha video yenye picha hafifu, isiyotaja aliyeitengeneza, ikidai kuonyesha wizi wa kura katika uchaguzi wa ndani wa chama kimoja cha nchi hiyo. Zaidi ya nusu, asilimia 52, walisema huo ni ushahidi wenye nguvu. Video yenyewe ilipigwa Urusi. Kati ya majibu zaidi ya 3,000, wanafunzi watatu tu ndio waliofuatilia mpaka wakafika kwenye chanzo, na wote walikuwa na intaneti mkononi na ruhusa ya kuitumia. Watatu, Mama.

Kuna jambo jingine ambalo wanasaikolojia wanalijua tangu 1977: sentensi ikirudiwa, watu huiona ya kweli zaidi, iwe kweli au uongo. Kijana aliye katika vikundi sita anapokea vokali ileile mara sita kwa siku, na kila mara anahesabu shahidi mpya. Kumbe ni shahidi mmoja amebadilisha nguo. Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018, uliofuata habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, ulikuta uongo una nafasi ya asilimia 70 zaidi ya kusambazwa kuliko ukweli, na uongo wa siasa ulikuwa na mbio kuliko mwingine wote. Waliousukuma hasa ni watu wenye nyama na damu, si mashine.

Kwa nini watu wenye nyama na damu wafanye hivyo? Kwa kijana wa miaka 17 jibu ni rahisi kuliko tunavyodhani. Nyumbani hana sauti. Mfukoni hana franka. Shuleni anaambiwa kaa, simama, toa kalamu. Lakini kwenye kikundi, anayeleta habari wa kwanza ni mtu. Wanamjibu, wanamwita "chef", wanamngoja. Vokali ile imempa cheo. Ndiyo maana ukimwambia "huo ni uongo", yeye hasikii kwamba vokali imekosewa. Anasikia kwamba cheo chake ni cha bandia. Na ukimnyang'anya simu, umemvua cheo mbele ya wenzake. Ataazima, hata mimi ningeazima.

Sasa madhara. Yale ya mwili nayapitia haraka kwa sababu unayaona mwenyewe: usingizi, kichwa kuuma, uso uliokunjamana asubuhi, alama za hesabu zinazoshuka. Mtoto asiyelala hasomi, hakuna siri hapo. Hofu nayo ipo, hata akijifanya shujaa. Anayesikiliza vita usiku kucha mwili wake unakesha vitani, ingawa Goma iko mbali sana na Katuba.

Nikae kwenye lile la imani, kwa sababu ndilo linalodumu. Watu wengi wanadhani hatari ya uzushi wa siasa ni kwamba mtoto ataamini uongo. Ataamini, ndiyo, mmoja leo na mwingine kesho. Lakini aliyedanganywa mara nyingi huchoka, na akichoka anaacha kuamini yeyote: mwalimu, daktari, mtangazaji, tume ya uchaguzi, na mwisho mama yake. Mwanao anaposema mwalimu wa historia ni mwongo na mtihani umekwisha kupangwa, hajashika uongo wawili tofauti. Amefika mahali ambapo kila anayesimama mbele na kusema kitu anaonekana amelipwa.

Tumeona nchini mwetu mahali hapo panafikisha wapi. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, haikupita miezi miwili watafiti wakawauliza watu wa Beni na Butembo, na karibu robo yao wakasema ugonjwa huo haupo. Wale waliokuwa na imani ndogo kwa wakubwa na kwa habari walizopewa ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo. Kisha Desemba, siku chache kabla ya uchaguzi, kura ikaahirishwa Beni na Butembo, na moja ya sababu zilizotolewa ikawa Ebola. Waliokuwa wakisema "Ebola ni siasa" wakaona wamekabidhiwa cheti. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, daktari wa Shirika la Afya Duniani akauawa Butembo Aprili 2019, na mlipuko ulipomalizika Juni 2020 watu 2,287 walikuwa wamekufa. Sisemi wote waliuawa na uzushi. Nasema uzushi uliwakuta watu ambao imani yao ilikwisha kuliwa zamani.

Na hapa lazima niwe mkweli kwako, Mama, hata kama hutapenda: kijana wako ana sababu za kutoamini. Hakuzianzisha yeye. Muulize mzee yeyote wa Lubumbashi kuhusu usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, askari walipoingia kampusi ya chuo kikuu. Serikali ya Mobutu ilikiri kifo kimoja. Mjini watu walitaja mamia. Mpaka leo hesabu haijapatana, kwa sababu waliokuwa na ukweli waliuficha, na ukweli ukifichwa watu hawakai bila habari, wanaitengeneza. Au tukio la karibu zaidi: baada ya kura ya tarehe 30 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima karibu siku ishirini. Uvumi haukukatwa, ulikaa kwenye taksi na sokoni bila mtu wa kuukagua. Kwa hiyo ukimwambia mwanao "amini tu wakubwa", atakucheka, na atakuwa na haki kidogo.

Nimeshalifikia lile nililosema halitapita lenyewe. Ni ile salamu.

Wewe na mimi tunajua mji huu umewahi kufika wapi. Watu wa Kasai waliletwa Katanga tangu enzi za Mbelgiji, kufanya kazi migodini na kwenye reli, wakazaa hapa, wakazika hapa. Mwaka 1992 na 1993, hotuba za majukwaani ziliwaita "bilulu", wadudu. Neno moja tu. Ndani ya miezi michache maelfu kwa maelfu ya familia zilikuwa zimelala kwenye vituo vya gari la moshi vya Likasi na Kolwezi zikingoja behewa la kurudi "kwao", mahali ambapo wengi wa watoto wao hawakuwahi kupaona. Wako waliofia hapohapo kituoni. Hakukuwa na WhatsApp. Kulikuwa na jukwaa, redio na jirani aliyeacha kusalimu.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba mwanao ameacha kumsalimu mzee aliyembeba mabegani, simwoni kama mtoto mbaya. Naona mtu mwingine ameshaingia kati yao, mtu wasiyemjua jina, anayehema kwenye simu. Vita ya Kivu ina makundi yake na majeshi yake, na Papa wa parsele ya pili hayumo. Lakini uzushi wa siasa hauna subira ya kuchambua. Ukishamfundisha mtoto kwamba kuna "wao", kila asiye wa ukoo wake anaweza kuvalishwa lile shati: leo anayesema Kinyarwanda, kesho Mkasai, keshokutwa yeye mwenyewe akienda kusoma Kinshasa.

Nini cha kufanya, sasa. Nitakwambia yale niliyoyaona yakifanya kazi, na yasiyofanya.

Kubishana naye juu ya habari yenyewe usiku wa manane hakufanyi kazi. Anza na anachokijua kuliko wewe. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa nne anajua biashara ya "tuyo", yale majibu ya Egzeta, mtihani wa serikali, yanayouzwa kwenye vikundi kila mwaka mtihani ukikaribia. Muulize, kwa utulivu, kama mtu anayetaka kuelewa: wanafunzi wa chumba kimoja si wanapewa seri tofauti za maswali? Basi anayeuza majibu leo amejuaje seri utakayopewa wewe? Akipokea malipo yako kwa simu halafu akakufunga nje ya kikundi, utampata wapi? Atakujibu vizuri sana. Atakueleza mpaka mbinu wanazotumia: picha ya karatasi iliyopigwa gizani, ukungu kidogo, haraka, "nafuta baada ya dakika kumi". Hapo usiseme kitu. Siku mbili baadaye, akileta vokali nyingine, muulize maswali yaleyale: huyu ni nani, yuko wapi, ni lini, na kwa nini ana haraka hivi? Wengi wanaona wenyewe kwamba ni tuyo.

Mwonyeshe pia kitu kidogo ambacho wengi wanakipita: WhatsApp ikiweka mishale miwili juu ya ujumbe, maana yake umepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo unaruhusiwa kutumwa kwa mtu mmoja au kikundi kimoja tu kwa wakati mmoja. Mishale miwili haithibitishi uongo. Inakwambia tu kwamba aliyekutumia hakuwa pale, wala aliyemtumia yeye.

Wataalamu wa nje wanashauri mtoto akiona habari afungue ukurasa mwingine na kutafuta wengine wanasemaje. Ushauri mzuri, na ndivyo wahakiki wa habari wanavyofanya kazi. Lakini ukiuleta Katuba unakutana na bei ya mega, yaani data ya intaneti. Vijana wengi wananunua kile kifurushi cha bei ndogo kinachofungua WhatsApp peke yake. Uongo unaingia kwa bei nafuu. Kutoka nje kuukagua ni gharama nyingine. Usimlaumu mtoto kwa hilo. Tumia vilivyopo: redio ya betri ipo nyumbani? Radio Okapi inatangaza kwa Kiswahili tangu 2002, na ina watu wake mikoani. Congo Check wanachambua uzushi wa nchi yetu. Na njia ya zamani kuliko zote: una shangazi au binamu Bukavu au Goma? Mpigieni pamoja, mbele ya kijana, muulize ameamkaje na sokoni kuna nini. Sauti ya shangazi anayemjua, akilalamika bei ya unga, inashinda jogoo wa mtu asiyemjua.

Ukija kumsahihisha, msahihishe mara moja, kwa maneno machache, na umpe kilichotokea kweli badala ya kumwachia pengo. Ukisema "si kweli" ukanyamaza, kichwa kinarudi kwenye hadithi ya kwanza kwa sababu ndiyo pekee iliyopo. Zamani kidogo, kuanzia 2010, kulikuwa na hofu kwamba ukimsahihisha mtu kuhusu siasa anashikilia uongo zaidi. Waliorudia majaribio hayo baadaye kwa watu wengi zaidi hawakuyaona hayo isipokuwa kwa nadra. Kwa hiyo usiogope kusahihisha. Ogopa kumwaibisha mbele ya wadogo zake.

Kuhusu simu: mrudishie. Patana naye kwamba saa tatu usiku simu zote za nyumba, ya Baba ikiwemo, zinalala sebuleni kwenye chaja moja. Ya Baba nimeitaja makusudi. Utafiti uliofanyika Marekani baada ya uchaguzi wa 2016 ulikuta kwamba wenye zaidi ya miaka 65 walisambaza habari za uongo karibu mara saba ya vijana. Nami kwenye kikundi cha ukoo wangu, vokali za ajabu zinaletwa na wajomba, si na wapwa. Mtoto anatuona. Na mwambie mwanao jambo moja la sheria, bila kumtisha: kanuni ya dijitali ya Machi 2023 inamgusa hata anayesambaza tu habari ya uongo dhidi ya mtu, na yeye karibu ni mtu mzima.

Shuleni, nenda kwa prefe, mkuu wa shule, lakini usiende kushtaki. Mwombe amruhusu mwalimu wa historia afanye kipindi kimoja juu ya 1990 au 1992, na aseme wazi yanayojulikana na yale ambayo watu bado wanabishania. Mwalimu anayekiri kwamba kitabu kina pengo hapotezi heshima kwa vijana wa umri huu, anaipata. Najua walimu wengi wanaogopa kugusa mambo hayo, na nawaelewa, maana wako waliopata matatizo. Ila darasa likikaa kimya, kikundi cha WhatsApp hakikai kimya. Kama prefe atakataa, usigombane naye. Utamhitaji mwezi wa mtihani.

Na lipa ada ya mtihani mapema, mbele ya macho yake. Usihubiri. Risiti tu, juu ya meza.

Kuhusu Papa wa parsele ya pili, usimlazimishe kijana kuomba msamaha, maana hata yeye hajui kosa lake linaitwaje. Mzee huyo bila shaka ameshaona kwamba hasalimiwi. Watu waliokuwa Katanga 1992 wanaona mambo hayo kabla hayajasemwa. Nenda wewe kwanza, peke yako, umweleze. Halafu Jumamosi pika bukari na sombe, weka kwenye bakuli lenye mfuniko, mwambie kijana ampelekee. Mwambie Papa amkalishe, na kama moyo wake unakubali, amsimulie 1992 aliipitia vipi: alikuwa wapi, nani alimficha, nani aliacha kumsalimu. Kama moyo haukubali, basi wale chakula tu.

Kijana akirudi na bakuli tupu bila kusema kitu, usimuulize usiku huo.